Mkono Uliofika Vilnius

Barbora alikuwa ameegemea gari la jirani yake Liudvikas, kando ya barabara itokayo Vilnius kwenda kaskazini, akipasua matango kwa urefu na kuyapaka asali. Ilikuwa Agosti 1989. Saa moja jioni watu wa nchi zetu tatu ndogo walitakiwa kushikana mikono kupitia miji yao mikuu, kuanzia mnara wa Vilnius, kupitia Riga, mpaka Tallinn, ili dola kubwa iliyotumeza kwa makubaliano ya siri miaka hamsini nyuma ione kwamba bado tupo. Kijiji chetu kilipewa kipande kinachokatiza kinamasi, mahali ambapo hata kunguru hana shughuli.

Mabasi yaliyokuwa yatuletee watu wa kujazia yalikwama kwenye foleni. Likabaki pengo kwenye mstari wetu, na si dogo.

"Watu wa mjini hao," Liudvikas alisema huku akitafuna tango. "Ingekuwa harusi, wangefika tangu jana."

"Mzee, acha maneno, lete mkanda," alisema Ramutė, binti aliyesimamia kipande chetu, redio ikimning'inia shingoni. Alikwisha kuunga mitandio yote na kamba ya ng'ombe ili mikono isiyofikiana ishike hizo. Liudvikas akavua mkanda, akaibana suruali kwa viwiko. Pengo bado lilikuwepo. Nchi nzima imejipanga, halafu ikatikie kwetu. Ramutė alikuwa karibu kulia.

Hapo wakatokea watu kinamasini. Walivaa makoti mazito, theluji mabegani, na walitembea upesi kama wanaowahi treni. Wa kwanza alikuwa baba yake Barbora, mwalimu wa jiografia, aliyechukuliwa na wanajeshi wa dola ile Juni 1941 akafa kwa njaa kando ya bahari ya barafu kule Siberia. Sasa alikuwa kijana kuliko binti yake.

"Mnapungukiwa na wangapi?" aliuliza.

"Njooni wote," Ramutė alisema. "Elekeeni jua linakotua. Na ninyi wenye theluji, msisukumane."

Wakalijaza pengo. Liudvikas alirudishiwa mkanda wake, na hilo lilimpa nafuu kubwa.

Baba alimshika Barbora mkono wa kulia. Wake ulikuwa baridi kama mpini wa pampu ya kisima mwezi wa Januari. Alipokuwa akifundisha, Vilnius ilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa, mikononi mwa Wapolandi, na serikali yetu ilikaa Kaunas. Hata hivyo kila mwaka aliwachoresha watoto nchi nzima bila kutazama kitabu, mto Nemunas toka chanzo hadi baharini, kisha akawauliza mji mkuu ni upi. Aliyejibu Kaunas alichora upya. Mwenyewe hakuwahi kuikanyaga Vilnius hata siku moja.

"Vilnius iko upande gani?" aliuliza.

"Kushoto, Baba. Mimi nimemshika Liudvikas, yeye kamshika mkewe, mkewe kamshika yule wa kanzu ya kijani, hivyo hivyo mpaka mnarani."

Mwalimu alilipima jibu, kama alivyozoea darasani.

"Basi nimefika," alisema.

"Umefika, Baba."

Saa moja ikatangazwa redioni. Ndege ndogo ikapita chini chini ikimwaga maua, mengine yakatua juu ya theluji ya makoti. Kutoka kusini kukaja mbano wa kiganja, ukapita kwa Liudvikas, kwa Barbora, kwa baba yake na wenzake, ukaendelea kwenda Riga. Tukaimba. Wengi hatukuwa na sauti ya maana, lakini furaha ilitujaa mpaka kooni. Nchi yetu ilikuwa imesimama wima, wazima na wafu, bila pengo hata moja.

Robo saa ilipokwisha, redio ikasema tuachiane. Barbora hakuachia.

"Twende nyumbani, Baba. Kitanda chako kipo."

"Bado tumelala kule kwenye barafu, mwanangu," alisema. "Hakuna aliyetutoa."

Akapokea tango lenye asali, akala kwa adabu mpaka mwisho, akajifuta vidole. Kisha wakaingia kinamasini kwa mstari, wakielekea kaskazini, na bado waliimba.

Nyumbani, Barbora alitazama taarifa ya habari yote. Hakuna aliyesema wale watu watarudishwa lini. Akaizima televisheni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado na baridi, naye hakutaka kuupasha moto.