Upanga Chini ya Kifusi

Siku askari waliporuhusu watu waingie mjini Marawi, huko Ufilipino, kutazama mabaki ya nyumba zao, Dimaampao aliufukua upanga wa ukoo, kris yenye makali ya mawimbi, chini ya kifusi cha nyumba ya kaka yake. Kaka mwenyewe, Cosain, hakuonekana tangu vita vianze. Dimaampao aliuzungushia shuka, akarudi nao kwenye kibanda cha wakimbizi, akaketi kuusafisha kama alivyowasafishia watu panga zao kwa miaka ishirini.

Hakulia. Alikingoja kilio kama mtu angojaye chafya, wala hakikuja.

Aliondoa kutu kwa mafuta, akausugua kwa ndimu hadi chuma kikaonyesha mistari yake. Alipofika shinani, penye kile kipande kipana kinachokinga mkono, mikono ilisita. Kwenye kris za kale kipande hicho hufuliwa peke yake, kisha huunganishwa, na katikati hubaki ufa mwembamba. Alijaribu kupenyeza sindano. Haikupenya. Hapakuwa na ufa. Ulikuwa mstari wa kuchongwa tu, kama wafanyavyo mafundi wa siku hizi wanaofua kris nzima kwa kipande kimoja. Upanga huu ulikuwa haujatimiza hata miaka tisini. Na babu, aliyesemekana kufa ameushika akipigana na Wamarekani walipoiteka nchi, alikufa zamani kuliko hapo.

Mama yake, Omaira, alikuwa akipepeta mchele mlangoni.

"Mama, huu si wa babu."

"Fundi mzima, ndiyo kwanza unajua?"

"Kumbe ulijua!"

"Ule wa kwake, babu yako aliusalimisha kwa Wamarekani. Hakufa vitani, mwanangu. Alikufa kitandani, kwa kuhara. Baba yako aliona haya, akaufua huu mwenyewe mwaka tuliooana, 1956. Akaniapisha nisiseme."

"Na Cosain?"

Mama aliweka ungo chini. "Aliuona huo mstari tangu ujana. Akaniambia, 'Usimwambie Dima. Atakosa cha kujivunia.'"

Dimaampao alijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hamna kitu, hata kilio. Akachukua karatasi, akaandika: *Ulifuliwa na baba, mwaka 1956.* Akaifunga kwenye mpini kwa uzi.

"Njoo ule, wali unapoa," mama alisema jioni.

Alikula sahani mbili, na pilipili nyingi, bila kuisikia ikiwasha. Asubuhi alichukua sepetu, akarudi kwenye kifusi kumtafuta kaka yake.