Jumapili Tatu za Mwalimu Makungu

Chuma kikigongwa Jumapili, kila nyumba hutoa mtu. Mwaka ule wa 1971 hapakuwa na mtu wa Vuga, mkubwa wala mdogo, asiyeijua amri hiyo. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya tawi la chama kiligongwa saa mbili kamili asubuhi, na katika kila mlango alitokea mtu mzima mmoja na jembe, karai au pakacha, akapanda gari kwenda Michenzani kuchimba misingi ya nyumba mpya za ghorofa. Nyumba isiyotoa mtu ililipa kwa Jumapili tatu za kubeba kokoto, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wala haikufaa kitu kujitetea kwamba nyumba yenyewe ina mtu mmoja tu.

Nyumba ya Mwalimu Makungu ilikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mkewe alikwisha kuzikwa miaka tisa nyuma, na binti yake, aliyeolewa Morogoro, alimwandikia barua mbili kwa mwaka. Ghorofani juu yake walikaa zamani Wagoa, fundi cherahani na mama yake; ng'ambo ya kichochoro palikuwa na Waarabu waliomletea sahani ya halua kila Idi. Wote walikwisha kuondoka, wengine kwa kuaga, wengine bila kuaga. Sasa milango ile ilifunguliwa na watu wa mashamba na wa Tumbatu waliopewa vyumba, na majina yao hakuyajua. Hakuwachukia. Waliamkiana kwa adabu, kisha kila mtu akapanda ngazi zake.

Lililombakia ni kanisa dogo mwishoni mwa kichochoro, ambalo padri alilifikia mara moja kwa mwezi. Jumapili zilizobaki Mwalimu alisali na Mabrouk, mpishi mstaafu. Makungu alisoma mstari mmoja wa zaburi, Mabrouk akamjibu kwa mstari wa pili. Wakimaliza, walizima mishumaa, wakaliwahi gari la tawi, wakaenda kuchimba kama watu wote. Kengele hawakuipiga. Mpigaji wake alihamia Tanga mwaka wa sitini na nne, na watu wawili wanaojuana hawana haja ya kuitana kwa kengele.

Alhamisi moja Mabrouk naye akapanda meli kumfuata mwanawe Dar es Salaam.

"Utasali na nani sasa?" alimwuliza bandarini.

"Nitasali."

"Najua utasali, ndugu yangu. Nakuuliza na nani."

Mwalimu akamwambia aushike vizuri mkoba wake, kwa maana bandarini pana wezi.

Siku tatu alilifikiri swali lile. Katika mji mzima, aliwaza, hapakosekani mmoja ajuaye kujibu zaburi: muuguzi, askari wa bara, mpishi wa nyumba fulani. Pengine hawakujua kwamba mlango ule bado hufunguliwa. Basi Jumapili, saa kumi na mbili u nusu, akaishika kamba na kuipiga kengele mara thelathini, polepole, kama alivyofundishwa utotoni katika shule ya misheni. Akawasha mishumaa miwili, akasimama akielekea madhabahu.

Akasikia nyayo. Si za mtu mmoja. Za watu wengi. Kifua kilimjaa hata akaogopa kugeuka. Kisha jembe likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Watu wapata ishirini walikuwa wamesimama baina ya mabenchi, na majembe na mapakacha yao. Mbele yao alikuwa Bi Wanu, mwanamke mnene kutoka Tumbatu, aliyehamia Jumanne ile katika chumba cha Wagoa. Alikuwa na karai kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu. Gari liko wapi?"

"Marahaba. Gari gani?"

"La Michenzani! Chuma nshakisikia, nnakoroga uji. Mbona leo mapema hivi?"

"Hicho si chuma cha tawi, Bi. Ni kengele ya kanisa."

Nyuma, mwanamume mmoja akapasua kicheko. "Lo! Bi Wanu umetuleta kubatizwa, tena na majembe yetu!"

"Usinlaumu mie! Nimeambiwa kikilia, toka. Kimelia, nimetoka!"

Wakacheka wote, wakaomba radhi, wakatoka kwa kusukumana. Kwa kuwa walikwisha kuamka, wakaamua kutangulia Michenzani kwa miguu. Bi Wanu alibaki nyuma kidogo, akiyatazama mabenchi.

"Na wenyewe wako wapi, wa kusali?"

"Hawajafika bado," alisema Mwalimu.

Akawangoja. Ilipokaribia saa mbili akaanza peke yake. Alisoma mstari wa kwanza wa zaburi, akanyamaza. Akasoma wa tatu, akanyamaza. Chuma cha tawi kilipogongwa alikuwa katikati ya zaburi. Alikisikia vizuri. Lakini mtu aliyeisikia kengele kutoka mbali angeweza kuwa njiani wakati ule, na angekuta mlango umefungwa. Hakutoka. Gari likaenda. Hakuja mtu.

Jumatatu baada ya alasiri aliitwa tawini. Katibu alikuwa Miraji, ambaye zamani Mwalimu mwenyewe alimfundisha hesabu.

"Makosa mawili, Mwalimu. Umewatoa watu kabla ya saa, wamesimama Michenzani wakinyeshewa, na msimamizi hajafika. Tena mwenyewe hukutoka."

"La kwanza sikulikusudia. La pili nililikusudia."

Miraji akajikuna kidevu. "Mwenzio angesema alikuwa mgonjwa."

"Ndivyo ulivyokuwa ukisema darasani, wala hukuwa mgonjwa."

Waliokuwa barazani wakaangua kicheko, na Miraji mwenyewe akacheka. Kisha akasogeza kiti.

"Sikiliza, Mwalimu wangu. Chuma chetu kimepasuka, sauti yake haifiki popote. Kengele yako imewatoa watu hata wasiotakiwa. Tupe sisi. Mimi nitakuandika mzee aliyesamehewa kazi, na Jumapili zako zote ziwe zako. Sali mpaka uchoke."

Mwalimu alilipima jambo hilo. Jumapili zote, na mlango ambao hakuna atakayejua tena kwamba uko wazi.

"Kengele haikukosa," alisema. "Aliyekosa ni mimi. Niandike."

Miraji akamwandika.

Jumapili ya kwanza mikono ilimchubuka. Ya pili mgongo ulikataa kunyooka, akapanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia. Kanisa lilikaa limefungwa Jumapili zote mbili.

Ya tatu, jua lilipokuwa limeanza kuwa kali, Bi Wanu alishuka garini na wenzake, akaja moja kwa moja kwenye lundo la kokoto, akashika upande wa pili wa karai la Mwalimu.

"Adhabu hii si yako, Bi."

"Najua. Mie nnashika karai tu." Wakatembea hatua chache. "Siku ile tulipotoka, ulisali?"

"Nilisali."

"Mabenchi yote yale, peke yako?"

"Kuna maneno ya msomaji na maneno ya watu. Nasoma yangu, kisha nanyamaza kwa kadiri ya mtu kujibu. Halafu naendelea."

Bi Wanu aliwaza jambo hilo mpaka ukingoni mwa msingi. "Uko ukimya mrefu basi," akasema.

"Mrefu."

Wakaimwaga kokoto. Bi Wanu akaenda zake kwa wanawake wenzake waliokuwa wakiteka maji, akapokewa kwa kelele.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Mwalimu alimwaga karai la mwisho, akaliosha, akalirudisha ghalani. Miraji alifungua daftari juu ya goti, akapiga mstari juu ya jina lake, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umemaliza, Mwalimu. Huna deni."

"Ahsante," alisema Makungu, akainama kuifunga kamba ya kiatu, apite kanisani kuufungua mlango kabla ya kwenda nyumbani.