Gari la Bethwel Lilivyonyamaza

Mwaka wa tisini na sita, Bethwel Kipkorir alinunua gari kutoka kwa mmishonari Mwamerika aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa stesheni wagoni ya kijani, refu, na usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, kwa hivyo aliyekaa kiti cha abiria alionekana kama ndiye dereva. Watu wa Litein walizoea hilo upesi. Walichoshindwa kuzoea ni kelele.

Ilianza kama mluzi mwembamba gari likipanda mlima. Mvua za Aprili zilipokwisha, mluzi ukawa mlio wa kusaga, halafu mayowe. Ng'ombe walikimbia mikia juu. Wachumaji chai waliinua vichwa kabla gari halijatokea kwenye kona, mmoja akasema, "Bethwel huyo, anaenda Mulot," na wengine wakacheka, maana wote walijua anaenda kwa nani.

Alikuwa anaenda kwa Elmina. Bethwel alikuwa amefiwa na mkewe, Elmina amefiwa na mumewe, na walikuwa wamejuana kwenye harambee ya kanisa. Elmina alishona sare za shule katika duka lake kando ya barabara ya Narok. Kila Jumamosi Bethwel alimpeleka Bomet kununua vitambaa, naye akasafiri amefungua dirisha, leso puani, na kufika kichwa kikimuuma. Hawakuzungumza sana njiani. Ukitaka kusema kitu ilibidi upige kelele kushinda gari, na kuna mambo mtu hawezi kuyasema kwa kupiga kelele.

Fundi mmoja wa Litein alibadilisha mkanda wa injini, kisha pampu ya maji. Gari likaendelea kulia vilevile. Ndipo Bethwel akaambiwa amjaribu Adoyo wa Kericho.

Adoyo alikuwa Mjaluo, lakini alizaliwa na kulelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, ambako babake aliendesha trekta. Sasa alikuwa na karakana yake nyuma ya soko. Bethwel alipoingia uani, Adoyo alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Nimekusikia tangu stendi, mzee," alisema. "Usizime. Fungua boneti."

Alimwaga maji kidogo juu ya mkanda. Mlio haukubadilika. "Sio mkanda. Mkanda ukiwa mbaya, ukipata maji unanyamaza kidogo."

Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye pampu ya maji na mpini sikioni. Akatikisa kichwa. Akahamia kwenye altaneta, kisha kwenye pampu nyingine, mtungi wa chuma wa ukubwa wa ngumi mbili uliokuwa ukizungushwa na mkanda wake peke yake. Hapo alitoa sikio haraka, kama mtu aliyeungua.

"Kuja usikie."

Bethwel alisikiliza, akakunja uso. Ilikuwa kama mawe ndani ya kinu cha mahindi.

Adoyo alizima injini, akatoa ule mkanda mmoja, akawasha tena. Gari likanguruma taratibu, kama magari ya watu wengine.

"Sasa wacha hivyo hivyo," alisema Bethwel. "Tupa huo mkanda, mimi niende."

"Ngoja kwanza tujue ni nini kiliua hii pampu." Adoyo alifungua mpira uliotoka kwenye pampu, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa cheusi tititi. "Unaona? Hii inafaa kuwa safi. Kazi ya hii pampu ni kuvuta hewa na kuisukuma kwa ekzosi, hilo bomba la moshi, ndio ule moshi haujaungua vizuri uungulie huko. Hewa inaenda tu, hairudi. Hapa katikati kuna valvu ya kuizuia."

Aliifungua valvu, akaipuliza upande mmoja, pumzi ikapita. Akaigeuza, akapuliza tena, pumzi ikapita. Kisha akaiinua juani, na Bethwel akaona mwanga ukipenya pembeni, mahali palipoliwa na kutu.

"Moshi wa moto umekuwa ukirudi, ukamaliza beringi. Na mwingine unatokea hapa kwa tundu, unaingia ndani na hewa ya miguuni, upande wa abiria. Hujaskia kichwa kikiuma?"

"Mimi hapana." Bethwel alitazama kiti cha abiria. "Kuna mtu mwingine huumwa."

"Basi hata nikitoa mkanda, huyo mtu ataendelea kuumwa. Naweza kuziba hilo shimo na kuacha pampu imekufa. Wengi hufanya hivyo, na gari litatembea. Litanuka tu kwa wale wanakufuata. Ama tutafute pampu na valvu nzima."

"Tutafute," alisema Bethwel. "Nimeshawatia watu kelele za kutosha. Sitaki kuwatia na moshi."

Gari kama hilo lilikuwa adimu, lakini Adoyo alikuwa ameliona moja Kipkelion, limekufa zamani, kwenye boma la mama mzee aliyeitwa na wote Kogo, yaani nyanya. Alhamisi wakaenda. Wagoni ilikuwa imezama hadi vioo kwenye majani, haina magurudumu wala boneti. Juu ya injini, kwenye kiota cha nyasi, kuku mwekundu alikuwa ameatamia.

"Chukueni mnachotaka," alisema Kogo, akiwa amekaa kwenye kigoda na kijiti cha kusafisha kibuyu cha maziwa. "Lakini huyo kuku hatoki. Mayai yake yamekaribia."

Adoyo alizunguka gari mara mbili. Kisha akatandaza gunia na kuingia chini yake kwa mgongo. Bethwel alipewa kazi ya juu: kumpa kuku mahindi moja moja, ili asisimame mayai yakapoa. Kuku alikula mahindi, na alipochoka nayo akamdona Bethwel vidole. Huku chini spana ilikwaruza, Adoyo akapiga chafya, akalaani kutu kwa Kijaluo.

"Na wewe," Kogo alimuuliza Bethwel kwa Kipsigis, "mtu mzima hivi, unataka gari linyamaze kwa nini? Unaiba?"

"Kuna mama huko Mulot," alisema Bethwel. "Ninataka nimuulize jambo, na anisikie."

Kogo aliendelea na kibuyu chake. "Basi mpe kuku mahindi vizuri."

Pampu ilitoka imejaa makapi ya nyasi, lakini ilizunguka mkononi mwa Adoyo laini kabisa. Aliipuliza valvu: upande mmoja pumzi ikapita, upande wa pili ikagoma. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, uso wote ukiwa na vumbi la kutu.

Jumamosi Bethwel alifika Mulot na hakuna aliyegeuka kumtazama. Aliingia dukani akamkuta Elmina miguu ikiwa ndani ya karai la maji ya moto, kitambaa kichwani, anakula muwa.

"Umetoka wapi?" Elmina aliuliza, akificha muwa nyuma ya cherehani. "Mimi hukusikia ukiwa bado kule kilimani, ndio naweka chai na kuvaa viatu."

"Gari limepona."

"Ungetuma mtu aniambie." Lakini alikuwa anacheka.

Walishika barabara ya Bomet, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Elmina alikaa leso mapajani, akinusa, akingoja kichwa kianze. Hakikuanza. Pande zote kulikuwa na ngano changa, na gari liliteleza kimya. Bethwel, aliyekuwa amepanga maneno tangu Kipkelion, aliyatafuta yote akayakosa. Walipita daraja.

"Sasa hata kelele ya kujifichia hakuna," alisema Elmina.

"Hakuna."

"Basi sema."

Akasema. Hakusema kwa ufasaha. Alianza na shamba lake la chai, akapitia kwa watoto wake waliokwisha kuoa, akasema nyumba ni kubwa, akamaliza kwa kuuliza kama atakubali.

Elmina alitazama barabara. "Duka langu siwachi," alisema. "Nimelijenga peke yangu baada ya baba watoto kufariki, na nililia sana nikilijenga."

"Sikuulizi uliache. Chai inachumwa hata nikiwa Mulot. Mwanangu yupo."

"Utakaa Mulot? Wewe, na hilo jua lote?"

"Nitanunua kofia."

Mwendesha baiskeli aliyekuwa akija upande wa pili alimpungia mkono Elmina, akidhani ndiye dereva. Elmina akampungia pia.

"Kwanza tuwaambie watoto," alisema. "Wangu ni wagumu, nitaanza nao. Halafu utanifundisha kuendesha, kwa sababu nimechoka kudanganya watu."

Bethwel aliegesha gari pembeni palepale, akashuka, akazunguka mbele kumfungulia mlango.