Mpaka Uliochomwa Kuwa Matofali

Mwenze na Bwalya waliufuta mpaka wao kwa mikono yao wenyewe. Chifu alipowagawia ardhi kando ya barabara ya Kinsevere, aliwaonyesha kichuguu kirefu kuliko nyumba: upande huu wa Mwenze, upande ule wa Bwalya. Lakini udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu, na wote wawili walitaka kujenga. Wakakichimba pamoja, wakachoma tanuru moja, wakagawana matofali huku wakinywa munkoyo wa mahindi na kuitana ndugu. Mvua ikasawazisha palipobaki. Wajinga wakubwa!

Sephora, binti wa Mwenze, alikuwa amemaliza sekondari. Alitaka kusomea usimamizi wa ardhi, apime viwanja na kuweka mipaka, lakini kila alipofungua mdomo baba yake alimkatiza.

"Ile kazi ni ya babongo, ya kudanganya batu," alisema Mwenze asubuhi moja, akijenga ukuta wa kiwanja. "Miye nataka docteur."

Kabla Sephora hajajibu, Bwalya alitokea mbio, akaupiga ukuta teke.

"Weye Mwenze, unaingia kwangu! Kichuguu ilikuwa kule!"

"Ilikuwa apa! Toka ku parcelle yangu!"

Mwenze akaokota tofali, akamvunja nalo meno. Bwalya, mdomo umejaa damu, akanyakua mpini wa jembe, akamtwanga mbavuni hadi mpini ukavunjika. Sephora akajitupa katikati. "Papa, acha!" Kiwiko kikampata puani, akaanguka. Alipoinua macho, baba yake alikuwa ameinua chepe, na uso wake ulikuwa na furaha. Furaha ile ilimtisha kuliko damu. Chepe likashuka kichwani mwa Bwalya. Likashuka tena, Bwalya akiwa tayari amelala ndani ya msingi, na tena, hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kupigana naye.

Mado, mke wa Bwalya, akapiga yowe. Majirani wakaja na fimbo na mawe, wakampiga Mwenze hadi akashindwa kusimama, wakaichoma nyumba yake. Polisi walimtoa mikononi mwao akiwa nusu mfu.

Baada ya maziko, Sephora alirudi pale na jembe. Mado akamtupia jiwe, likampata begani.

"Munatafuta nini tena? Mulimaliza bwana yangu!"

"Mama, uniache nichimbe. Nataka kujua kweli."

Alichimba chini ya ukuta, akakuta udongo mwepesi tu. Akasogea, akachimba tena, akizidi kukaribia nyumba yao iliyoungua, mpaka jembe likanasa kwenye udongo mzito, mwekundu, unaonata. Ulikuwa mzizi wa kichuguu. Basi ukuta wote wa baba yake ulikuwa ndani ya kiwanja cha Bwalya. Mado alikuja, akaangalia, akakaa chini akalia kwa sauti.

Sephora alimpelekea baba yake bukari, ugali wa nyumbani, gerezani.

"Papa, sitasoma médecine. Nitasoma mambo ya udongo na mipaka."

Mwenze, jicho moja limevimba, akatabasamu. "Sasa ni muzuri. Utaonyesha juge kama kichuguu ilikuwa pale fasi nilisema."

"Nilichimba, papa. Haikuwa pale. Ulijenga kwa Bwalya."

"Nani anajua?"

"Mama Mado. Na miye."

"Basi weye utanyamaza. Uko mutoto wangu."

Sephora alimpenda baba yake, alimpenda hata pale, na moyo ulimuuma vibaya.

"Juge aliniita. Nitamuonyesha fasi ya kichuguu."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza, likampasua mdomo. Askari wawili wakamkamata Mwenze, wakamkandamiza sakafuni, naye akawa anapiga kelele, "Sina mutoto! Sina mutoto!"

Sephora alilia mbele yake bila aibu. Kisha akamwachia chakula, akafuta damu kwa kitenge, akaenda kwa jaji.