Marehemu Hafi Mara Mbili

Marehemu alikufa Jumanne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Usishangae. Mtaa mzima ulimwita Marehemu tangu ujana wake, aliporudi kutoka vitani kwa miguu yake mwenyewe na kukuta jeshi limeshatangaza kwamba alikufa na kuzikwa hukohuko. Alikwenda kambini kujieleza, wakamzungusha, njoo kesho, njoo kesho kutwa, mpaka akachoka. Akaamua kucheka. "Aliyekufa hadaiwi," alipenda kusema. Kumbe kosa lile lilimnyima pensheni maisha yake yote, na sasa lilitaka kumnyima hata kaburi.

Binti yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyebebeshwa mzigo. Mochwari walitaka chao, seremala hakutaka kugusa msumari bila malipo, na wadogo zake wote walikuwa mikono mitupu kama yeye. Mochwari walishasema wazi kwamba mwili usipochukuliwa kufikia Ijumaa, utazikwa na manispaa, shimo moja na wasio na wenyewe. Baba yake! Mtu aliyeipigania nchi hii! Fundi akavaa gauni lake la heshima, akaenda ofisi ya askari wastaafu, maana jeshi huwazika watu wake kwa gharama zake.

Karani akabofya kompyuta, akabofya tena.

"Dada, huyu tulishamzika."

"Mlimzika nani? Yuko mochwari!"

"Hapa inaonyesha mazishi yake yalishalipiwa zamani. Askari hazikwi mara mbili."

"Wee! Basi nionyeshe kaburi lake, nikapalilie."

Karani akakohoa. "Lete ushahidi kwamba hakufia vitani."

Fundi akatoka bila kuaga. Alipofika barabarani akasimama ghafla, akajipiga kofi pajani, akacheka peke yake hadi wapita njia wakamkwepa. Ushahidi? Kwao ushahidi ulijaa tele, na tangu utotoni ulikuwa ukigombania matandiko.

Kesho yake mlango wa ofisi ulifunguka, akaingia fundi. Nyuma yake mdogo wake mchomeleaji, miwani ya kazi bado inaning'inia shingoni, kisha kinyozi, kisha dada yao mfua nguo, kisha kitindamimba, mlinzi wa ghala aliyetoka zamu bila kulala. Mwisho akaingia mama yao, polepole, na mkongojo wake.

"Nini tena hiki?" karani akauliza.

"Ushahidi ulioutaka. Sisi sote tumezaliwa baada ya nyinyi kumzika baba yetu. Haya, tuambie, tulitoka wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. "Mama yenu alikuwa mjane kijana. Huenda alipata mwanamume mwingine."

Lo! Kicheko kikakatika. Mchomeleaji akakunja ngumi, kinyozi akamdaka mkono. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye aliyemtoa mama yake nyumbani, kumbe anamleta kutukanwa mbele za watu.

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, picha yake unayo humo?"

"Ipo."

"Igeuze huku, watu waione."

Karani akageuza kioo. Kijana amevaa kombati, amekaza uso awe mkali, lakini masikio yamemwangusha, yamesimama huku na huku kama vishikio vya sufuria. Watu wakaitazama picha, wakawatazama wale watoto. Masikio yale yale! Kofia ya mlinzi ilikuwa imeyakalia kabisa.

"Jamani," akasema bwana mmoja kwenye foleni, "hapa kupima damu ni kuionea damu!"

Kelele zikamtoa meja, mkuu wa ofisi ile, chumbani kwake. Alipoelezwa, alitazama picha, akatazama watoto mmoja mmoja, mwisho akavua kofia mbele ya mama.

"Shikamoo, mama. Tusamehe. Jeshi ndilo lililokosea, na jeshi ndilo litakalomzika." Akamgeukia karani. "Andika sasa hivi. Na ya pensheni nitayashughulikia mwenyewe."

"Tumeshinda!" fundi akapiga kelele, akasahau kabisa yuko ofisi ya watu.

Ijumaa ile manispaa hawakumpata mtu wao. Gari la jeshi lilimpitisha Marehemu katikati ya mtaa, bendera juu ya jeneza, askari wakitembea kwa hatua za pole, na majirani wakatoka kila mlango kusimama wima. Makaburini tarumbeta ililia, bunduki zikapigwa hewani. Fundi alisimama kifua mbele na wadogo zake, kila mmoja kanyoosha shingo, hakuna aliyeficha masikio.

Meja akamkabidhi mama bendera iliyokunjwa, akamwomba aseme neno.

"Mara ya kwanza mlipokuja kuniambia amekufa," mama akasema, "sikulia. Niliwaambia, mume wangu simlilii mpaka nimwone kwa macho yangu. Mkasema nimerukwa na akili." Akaikumbatia bendera. "Leo nimemwona. Sasa nipisheni nilie."