Gia za Kifaru cha Khaemba

Jumanne saa nne asubuhi, Gikonyo alikuwa anakunywa chai ya pili mlangoni pa kibanda chake cha ufundi mjini Kitale, Agneta wa Myanga alipofika na kifaru ndani ya mfuko wa sukari. Kilikuwa kifaru cha kijeshi cha kuchezea, urefu wa dhiraa moja, cha kuendeshwa kwa rimoti. Mumewe Khaemba alikiunda mwenyewe kwa mabati ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Wanaume wengine hulewa, wengine huunda vifaru.

"Fundi, hii kitu imekataa," alisema Agneta. "Nikiwasha, inageuka inaangalia huku Kitale. Inavuta, inavuta, halafu inalia krrr."

Gikonyo alimjua Khaemba vizuri. Alikuwa makanika wa shamba kubwa la mahindi nje ya mji, na akija kununua skrubu mbili alisimama kupiga domo saa nzima. Miaka miwili iliyopita ukuta wa ghala la shamba hilo uliporomoka, na Khaemba hakurudi nyumbani tena. Wenye shamba walisema kitabu cha kuingia na kutoka kinaonyesha alitoka saa saba, kabla ukuta haujaanguka. Wakamwaga sakafu mpya ya saruji. Kule Myanga, kijijini kwake, wazee walingoja mwaka mzima, kisha wakazika mgomba badala yake, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Agneta aliulilia mgomba ule kwa adabu zote, lakini moyo haukutulia. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe alale nyumbani.

Gikonyo alifungua sanduku la gia. Gia za plastiki zilikuwa zimeisha meno, shafti imepinda, bushi zinazoishikilia zimeyeyuka kwa joto. Alizikagua moja moja.

"Mama Sally, hii imekuwa ikivuta mtu mzima. Kama kilo sabini hivi."

"Alikuwa sabini na mbili," alisema Agneta.

"Basi plastiki haiwezi."

Alitoa gia za chuma kwenye drili mbili zilizoungua, akaweka shafti nene na beringi mahali pa bushi. Miguu akaivua mikanda ya mpira, akaivalisha mnyororo wa baiskeli. Akapunguza mwendo ili aongeze nguvu, kwani mwenda pole hajikwai. Mara ya kwanza aliukaza mnyororo kupita kiasi, ukaruka na kumpiga kidevuni. Akaulegeza kiasi cha kidole kimoja, akapaka grisi. Kazi ilichukua siku mbili, na Agneta alilala kwa Wakiuru, mkewe Gikonyo, ambaye alimlisha githeri na hakumwuliza maswali.

Alhamisi walikipeleka shambani. Agneta alikifunga kamba ya katani kwa nyuma. Sifuna, bawabu, aliinua kizuizi cha lango, maana gari ni gari. Kifaru kiliingia ghalani, kikafika katikati ya sakafu, kikazama kwenye saruji kama ng'ombe anavyoingia mtoni. Gikonyo alishika rimoti kwa heshima tu. Kamba ilikaza, mnyororo ukalia, gia zikashika. Kifaru kikatokea upande wa pili, na nyuma yake, ameshika kamba kwa mikono miwili, alikuwa Khaemba, ovaroli imejaa saruji hadi nyusi. Sakafu haikupata ufa.

"Umebadilisha gia," alisema Khaemba.

"Nimeweka za chuma."

"Asante sana, bana. Zile zangu zilikuwa za bure."

Agneta alimpangusa nyusi kwa leso yake. "Pole, Baba Sally."

"Nishapoa."

Kabla ya kuondoka, Khaemba alipita ofisini akaomba kitabu kirekebishwe. Mary Ann, karani, alikuwa binti mwenye heshima. Alitafuta ukurasa, akausoma mara mbili.

"Pole, mzee. Siku hiyo ilifungwa. Hapa inasema ulitoka saa saba."

"Lakini nimetoka saa hii."

"Basi naweza kukuandika kwa kitabu ya wageni."

Khaemba aliandikwa mgeni, ametoka saa tano kasorobo. Mahali pa saa ya kuingia paliachwa wazi, kwa sababu kitabu hakikuwa na nafasi ya miaka miwili.

Kifaru kilimvuta hadi Myanga kwa siku tatu. Gikonyo alitembea kando, akibadilisha betri na kuongeza grisi. Njiani, akina mama wa Kiminini walimsalimia Khaemba na kumwuliza habari za huko. Akawaambia kuna vumbi. Njia nzima Agneta alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti, halafu anamshukuru Gikonyo, halafu anaanza upya. Gikonyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesifiwa kwa kutengeneza pasi tu, alitazama pembeni ili machozi yake yasionekane.

Wazee walifungua kaburi wakakuta mgomba umeota mizizi. Waliuomba radhi, wakauhamishia nyuma ya bafu. Khaemba alilipima kaburi kwa macho, akasema linatosha. Kisha akawaita jamaa zake na kuwaambia firigisi ya kuku wa siku hiyo apewe fundi. Wakakubali, ingawa firigisi ni ya mwenye mji na Gikonyo hakuwa hata Mbukusu kama wao. Khaemba akashuka akalala, Agneta akamfunika leso. Mara hii alilia mpaka akashiba.

Mchana Sifuna alifika na mabunda mawili ya unga kutoka shambani, pamoja na karatasi. Karatasi ilisema huo ni msaada kwa majirani wema, na kwamba hauhusiani na kifo cha mtu yeyote. Agneta aliisoma, akawatazama waombolezaji waliojaa uani wakiwa na njaa, akatia sahihi. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka.

Gikonyo aliwekewa firigisi kwenye sahani ya peke yake. Akainamisha kichwa, akashukuru, akamega ugali wa shamba. Ulikuwa mtamu.