Wachuka Chini ya Leso

Wachuka alikuwa amefunikwa leso mbili, kutoka kichwani mpaka kwa vidole vya miguu, na joto huko ndani lilikuwa kama la jiko la chapati. Lakini alikuwa anacheka peke yake. Ebu fikiria! Miaka sitini na tatu, na leo ndiyo ruracio yake, sherehe ya kulipiwa mahari, hapa Rongai kwa boma la kaka yake Kamande, tenti nyeupe, pilau inanukia, na watu wa Okeyo wametoka Nakuru na tai shingoni!

Shida ilikuwa moja tu, na ilikuwa imefichwa nyuma ya tanki la maji.

Ilikuwa ile chuma ya miguu minne ya kushikilia ukitembea. Alipewa kliniki mwezi uliopita baada ya kuanguka bafuni. Daktari alimwambia ainuke kwa kiti bila kushika kitu, akashindwa.

"Mama, virusi vimelala kabisa, hata kwa damu havionekani," daktari alisema. "Lakini umeishi navyo miaka mingi, mwili umezeeka mbele ya wenzako. Tembea na hii."

Yeye na Okeyo walijuana kwa benchi ya hiyo hiyo kliniki, wakingoja dawa. Mambo ya virusi hawakufichana hata siku moja. Lakini magoti? Okeyo alipenda Wachuka wa kucheza mugithi mpaka watu wanasogeza viti. Huyu wa kusukuma chuma angemtakia nini?

"Sue," alinong'ona, "Okeyo akinichagua nitainukaje?"

Sue, rafiki yake wa kikundi cha dawa, alikuwa amefunikwa kwa kiti cha pili. "Nitakushika mkono."

"Wewe na hicho kiuno?"

"Basi tutaanguka pamoja, msichana, watupige picha. Nyamaza, bibi arusi haongei!"

Wanawake walikuwa watano, wote wamefunikwa, na bwana arusi lazima atambue wake. Akikosea, faini ni kreti ya soda. Sasa Kamande, kwa ujanja wake, alikuwa amechukua wote kutoka kikundi. Migongo yote imeinama sawasawa! Okeyo akapita mara ya kwanza. Akapita tena.

"Mzee, hii si soko ya nyanya, chagua!" Kamande akamwambia.

"Shemeji, mmeniletea mapacha watano!"

Akaamua kuangalia miguu. Akapiga magoti mbele ya Sue, akainua leso kidogo. "Ni huyu! Hiki kidole nakijua!"

Sue akatupa leso. Vigelegele! "Soda! Soda!" Watu walicheka mpaka wakashikana. Okeyo pia akacheka, akashika goti, akataka kuinuka. Wapi! Akajaribu tena. Kicheko kikapungua polepole.

"Ngojeni kidogo," alisema, sauti chini. "Haya magoti yamekataa tangu Krismasi. Nilikuwa sitaki Wachuka ajue. Mama anacheza vile, atakaa na mimi kweli?"

Wachuka akatupa leso zote mbili. Hakuna mtu alikuwa amemchagua!

"Sue! Leta hiyo chuma!"

Sue akaitoa nyuma ya tanki, mbele ya wakwe wote. Wachuka akaishika, akajisukuma, akarudi kwa kiti puu. Akajisukuma tena, na sasa akasimama. Akaenda mpaka kwa Okeyo, tak, tak, tak.

"Shika upande huo. Mimi niko huu. Vuta!"

Wakavutana, wakihema, mpaka wakaangaliana macho kwa macho.

"Kumbe na wewe?" Okeyo akauliza.

"Mwezi uliopita."

"Na ukaninyamazia?"

"Na wewe tangu Krismasi!"

Kamande alikuwa anakuna kichwa. "Hii haijawahi kuonekana. Bwana ndiye huchagua. Wachuka, rudi chini ya leso turudie vizuri."

Wachuka akamwangalia. "Kamande, kuinuka huku si kazi ya kurudiwa. Mimi ndiye nimechagua. Panga viti viwili pale kwa meza, karibu karibu, tukaliwe na chakula."

"Mkaliwe na chakula?"

"Tule, Kamande! Ulimi umeteleza. Wewe panga viti!"